Acheni kumsafisha Shiv Roy, ana masizi kama wenzake

Wakuu, ambaye hajamaliza msimu wa 4 wa Succession, ile tamthilia ya ndugu wa familia ya Roy na kampuni yao ya habari, apite kushoto, hapa naanika kila kitu.

Nimekereka. Kila ikitajwa sehemu ya 8, ule usiku wa uchaguzi, lazima azuke mtu aseme Shiv peke yake ndiye aliyeipigania demokrasia. Demokrasia ipi? Roman, kaka yake Shiv, tunamjua, hajifichi. Anamtaka Mencken, mgombea urais wa mrengo mkali wa kulia, kwa sababu akiingia Ikulu atawazuia GoJo, kampuni ya teknolojia, wasiinunue kampuni yao. Kituo cha kura Milwaukee kimeungua, kura zimekuwa majivu, yeye anakimbilia ATN, kituo cha televisheni cha familia, imtangaze mtu wake. Uhuni, ndiyo, ila wa mchana kweupe. Hata Connor, kaka yao mkubwa aliyegombea naye, alishapimiwa ubalozi ili ajitoe, na Oman ikatajwa kama makombo ya mezani. Oman, jamani!

Sasa njooni kwa malaika wenu. Kendall, kaka yake mwingine, alikuwa anayumba kwelikweli kuhusu kumtangaza Mencken. Binti yake alishasukumwa barabarani na mtu aliyevaa fulana ya mtangazaji wa ATN hiyohiyo, na baba mtu anajua. Akamwomba dada yake ampigie Nate, mtu wa kambi ya Jimenez, mpinzani wa Mencken, aulize kama Jimenez naye yuko tayari kuzuia mauzo. Simu moja tu! Shiv akajifanya anapiga. Kaongea na hewa, karudi na jibu la kupika, maana mwenzetu mauzo anayataka: kashapatana na Matsson, bosi wa GoJo, kisirisiri. Kendall akaja kugundua, binamu yao Greg akathibitisha, basi. Kilichobaki ni hasira za mtu aliyechezewa na nduguye, na ATN ikamtangaza Mencken rais.

Mnaniambia alilia, alisihi, alisema Mencken ni hatari. Alisema. Maneno yalikuwa ya kweli, msemaji ndiye hakuwa wa kweli.

(Tom, mume wa Shiv na bosi wa kituo, naye eti uamuzi si wake. Darwin wa takwimu macho yanamuwasha wasabi, Greg anamwoshea kwa soda ya limau. Hao ndio walinzi wa kura.)

Halafu sehemu ya 9, kwenye mazishi ya baba yao, nani anamfuata Mencken kupatana naye? Shiv! GoJo wanunue, ilimradi mkurugenzi awe Mmarekani, yaani yeye mwenyewe. Kiti akaja kukikalia mumewe, lakini hilo lina uzi wake.

Anayebisha alete dakika moja ambayo Shiv aliiweka nchi mbele ya mauzo. Dakika, si hotuba. Nipo hapa.