Kanisa la mawe la enzi za Mjerumani linavalishwa jipsamu na aluminiamu, sheria inaangalia tu

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiye na muda apite, aliye na majibu akae.

Usharika wetu (siutaji, wazee wa kanisa ni baba zangu na bado nakaa nao kijijini) una kanisa la mawe lililojengwa enzi za Mjerumani. Kuta zake ni nene hadi mtoto analala dirishani bila kuanguka. Mlango wa mvule, paa la vigae, kengele ya chuma yenye maandishi ya Bochum, mji wa Ujerumani. Mwaka huu kamati ya ujenzi imeamua "kuliboresha". Vigae vimeshushwa vyote, limepanda bati la msauzi rangi ya damu ya mzee. Madirisha ya mbao yenye luva yameng'olewa, yamekuja ya aluminiamu ya kusukuma. Dari ya jipsamu ina taa za bluu zinazowaka na kuzima kama ukumbi wa send-off. Mawe yamezikwa chini ya lipu ya simenti, nje na ndani. Nimeuliza mbao za mvule zimekwenda wapi, nikaambiwa zimehifadhiwa. Nani kazihifadhi na wapi, kimya mpaka leo.

Nikasema hii kamati lazima iwe imevunja sheria, ngoja nitafute kifungu. Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, ikarekebishwa 1979. Jengo linahesabika kuwa la kale na kulindwa moja kwa moja kama lilijengwa kabla ya 1863. Likiwa la baada ya hapo, lazima Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipolitangaza, ni jengo tu kama banda la kuku.

Sasa pigeni hesabu na historia ya Ukristo Bara. Mapadri wa Roho Mtakatifu wameweka misheni Bagamoyo 1868, miaka mitano baada ya huo mstari wa 1863. Karema, kule Ziwa Tanganyika, White Fathers (wamisionari Wakatoliki) wamefika 1885. Kilema, Kilimanjaro, 1890. Pale Dar, St. Joseph ilianza kujengwa 1897 na Azania Front 1898. Kwa maana hiyo karibu kila kanisa la Bara ambalo watu wanasali leo limezaliwa upande usiolindwa wa huo mstari. Gofu la karne ya 14 kule Kilwa linalindwa kwa tarehe yake, sawa kabisa, lakini kanisa ambalo babu wa babu yangu alibeba mawe yake kichwani kutoka mtoni linasubiri Waziri alikumbuke. Na Waziri atalikumbukaje kama hakuna mtu aliyewahi kumpelekea barua?

Halmashauri nako nilienda. Jamaa wa dirishani alitaka kujua mambo mawili: ramani ipo? ada imelipwa? Umri wa jengo haumo hata kwenye fomu. Kwa hiyo kamati ina kibali halali, chenye muhuri, cha kuharibu.

Mtaniambia hasira zangu ni za mapambo. Hapana. Nimefanya kazi na mafundi wa mawe, na hili la simenti ndilo linaloniuma kuliko taa za bluu, kwa sababu taa zinang'oleka.

Ukuta wa zamani umejengwa kwa mawe na chokaa, hauna msingi wa zege wala nailoni ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ukutani kila masika, na siku zote yalikuwa yanatokea kwenye chokaa na kukauka na upepo. Chokaa ni laini, inapumua, ukuta ukicheza kidogo nayo inacheza. Ukiupiga simenti, maji yanakosa pa kutokea. Yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, na baada ya masika chache lipu inavimba na kubanduka, ikiondoka na uso wa jiwe. Ukipaka na rangi ya mafuta juu yake ndiyo umemaliza. Kisha kamati itakuja madhabahuni kutuambia kuta ni mbovu, zimechoka, tuchangie tubomoe. Bahasha zitapita tena. Mtu anayeugua kwa dawa uliyompa mwenyewe, unamwambia alizaliwa mgonjwa!

Na yale madirisha. Luva zilikuwa zinaingiza upepo hata mvua ikinyesha. Aluminiamu ya kusukuma inafungua nusu tu, ukichanganya na bati na jipsamu, ibada ya pili watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo. Suluhisho la kamati: feni kumi na mbili, na harambee ya feni.

Kuna watakaokuja na "hayo ni majengo ya wakoloni, kwanza yaondoke". Mkoloni alichora. Aliyechoma chokaa, aliyepasua mbao na aliyepanda juu kuezeka ni watu wetu, na wamezikwa hapo nyuma ya kanisa, makaburi ambayo kamati hiyohiyo inataka kuyafanya maegesho. Wengine watasema watu wameongezeka. Kweli wameongezeka! Kiwanja kipo, ekari zimelala. Jengeni kanisa jipya kubwa pembeni, hili lifanye ibada ya asubuhi na ndoa. Nililisema kwenye mkutano nikaambiwa napinga maendeleo ya kazi ya Bwana.

Uingereza, ambako baadhi ya misheni zetu zilitoka, mchungaji wa Anglikana hawezi kuondoa hata mabenchi kwa uamuzi wake na wazee wake. Anaomba kibali maalumu cha dayosisi, kuna kamati ya wataalamu inayotoa ushauri, na mwamuzi ni jaji wa kanisa. Waumini wenye pingamizi wanasikilizwa. Wakatoliki nao wana Kanuni ya 1216 inayotaka ujenzi na ukarabati wa makanisa ufanywe kwa ushauri wa wataalamu. Sisi mtaalamu wetu ni shemeji wa mwenyekiti, anauza aluminiamu.

Hapo Unguja tu, ng'ambo ya maji, kuna mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu 1985, na Kanisa la Mkunazini, lile Askofu Steere alilolijenga kuanzia 1873 palipokuwa soko la watumwa, limekarabatiwa miaka ya karibuni na watu wanaojua kazi. Siwapambi sana, maana Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu hapohapo Mji Mkongwe, iliporomoka Desemba 2020 mchana kweupe na mamlaka ipo. Lakini angalau kule kuna mlango wa kugonga kabla ya nyundo.

Ninachotaka kwenye uzi huu ni msaada, siyo pole. Mwanasheria yeyote humu: je, muumini wa kawaida anaweza kumwandikia Waziri moja kwa moja kuomba jengo litangazwe, au lazima mmiliki, yaani dayosisi, aridhie kwanza? Je, kuna zuio la mahakama linaloweza kusimamisha kazi wakati ombi linasubiri? Wa Mambo ya Kale kama mpo humu, njooni PM, picha za kabla na baada ninazo. Mnara bado haujaguswa. Fundi ameambiwa aanze kuupiga lipu Jumatatu.

Mods, tafadhali msiuhamishie uzi jukwaa la dini, kule utaishia kwenye ugomvi wa madhehebu.