Mrejesho: vipele vya ndevu shingoni

Ndugu zangu, niliwauliza nifanye nini na vipele vinavyonitoka shingoni kila ninaponyoa ndevu, nami narudi na mrejesho. Nimeacha mashine yenye nyembe tano, ambayo hukata nywele chini ya usawa wa ngozi na kuziacha zijipinde ndani, nikachukua ya chuma yenye wembe mmoja. Baada ya kuoga maji ya moto, napaka kwa brashi povu la sabuni isiyo na manukato, kisha nanyoa bila kukandamiza, nikifuata nywele zinakolala. Shingoni kwangu, ajabu, za kushoto zinaelekea juu. Vipele vimepungua sana. Shabu mliyoipendekeza, lile jiwe la kupaka baada ya kunyoa, inakata damu vizuri, ila inakausha ngozi, hivyo naisuuza upesi.