Gemu za kuigiza mhusika: mapambano na hadithi, mizani ikae wapi?

Kalamu_na_Upanga: Kwa anayebuni gemu, nimebaki na njia tatu. Mass Effect 3 (2012) inamwachia mchezaji achague mwanzoni: mazungumzo yajiendeshe, mapambano yalegezwe, au apate vyote kamili. Final Fantasy XVI (2023) inatoa pete: moja inamkwepesha mhusika, nyingine inapanga mapigo kwa kitufe kimoja. Disco Elysium (2019) haina mfumo wa mapambano kabisa. Mnaegemea ipi?

Dadu2: Hiyo ya tatu ina hatari zake, ila zinaamuliwa na dadu mbili. Jumla yake na alama za ustadi ndiyo inayopimwa na ugumu wa jambo. Sita-sita hufaulu siku zote, moja-moja hufeli. Majaribio yana rangi mbili: jeupe ukifeli hufunguka tena ukiongeza ustadi. Jekundu ni mara moja tu. Tatizo ni wingi wa maandishi, maana kila kufeli kunadai tukio lake.

mzee_wa_vitufe: Pete huvaliwa na kuvuliwa safarini, na hukalia nafasi ya pambo jingine, kwa hiyo msaada una gharama. Nazipenda. Lakini panapoharibika zaidi ni kwenye pointi za kukuza uwezo wa mhusika. Ukitia ufasaha na upanga kapu moja, kisha ukamlazimisha kila mtu apigane na bosi, yaani adui mkuu, msemaji atakwama. Deus Ex: Human Revolution (2011) iliteleza hapo: wanyatiaji walikutana na mabosi wasiokwepeka. Toleo la 2013 ndilo lililoongeza njia za udukuzi na kunyatia.

Kalamu_na_Upanga: Na maneno katikati ya vita?

mzee_wa_vitufe: Mafupi, tena yasibebe habari ya lazima. Mwenye silaha kali humuua adui sentensi haijaisha, sauti ikakatika. Habari ya lazima ingoje pigo la mwisho. Sehemu ya kuhifadhi mchezo nayo ije baada ya hotuba ya bosi. Anayekufa mara tano asisikilizishwe hotuba ileile mara tano!

Dadu2: Mimi nachukua ya kwanza, ila mapambano na mazungumzo kila kimoja kiwe na mpangilio wake, na ubadilike wakati wowote. Hata mazungumzo yakijiendesha, uamuzi usiorudi nyuma, kama nani afe, usimamishe gemu na kumuuliza mchezaji.