MREJESHO: Pikipiki ya cc 150 (ukubwa wa injini) kukosa nguvu mlimani

Wakuu, niliuliza kwa nini pikipiki inachoka mlimani ikiwa na mzigo, wakati nimeiwekea ekzosi na chujio la hewa vya wazi ili iongezeke nguvu. Asanteni sana wote.

Aliyesema hewa inazidi petroli alipatia: plagi (inayotoa cheche ya kuwasha petroli) ilikuwa nyeupe kabisa! Fundi kaweka jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli) kubwa zaidi kwenye kabureta, inayochanganya hewa na petroli; sasa plagi ni ya kahawia na injini haikatikati tena. Ila nguvu ya mlimani hasa imeletwa na sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo), kutoka meno 15 hadi 14. Spidi ya mwisho imepungua na inakula petroli zaidi, hapo sijafanikiwa. Kwa vumbi la huku narudisha chujio la kiwandani, na kwa kuwa hewa itapungua, jeti itapunguzwa tena.