Mrejesho: Mfanyakazi wa kumi na SDL

Wakuu, nilileta swali la bekari yangu hapa Morogoro: nina watu tisa, nikiongeza wa kumi, SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) inaniangukia vipi? Wengine mlisema nitalipia huyo mmoja tu. Sivyo. Mhasibu amenionyesha kwamba ukifika kumi, tozo inapigwa kwenye mishahara ghafi ya wote. Kiwango kilishushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5, kwa hiyo kwangu, kwa jumla ya mishahara ya shilingi 3,600,000 kwa mwezi, ni 126,000. Si hela ya kitoto kwa mtu anayeuza mikate, na mpaka 2021 kizingiti kilikuwa wafanyakazi wanne!

WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) yenyewe haina habari na idadi, hata ukiwa na mmoja unachangia. Na aliyenishauri nizikate kwenye mshahara wa mfanyakazi, hapana: WCF na SDL zote ni za mwajiri. Kwa upande wa michango, anachokatwa yeye ni NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kisichozidi asilimia 10 ya mshahara kati ya 20 zinazochangwa.

Nimemwajiri huyo kijana. Oda za shule zinambeba. Mikataba ya maandishi wote wanayo, kwa hiyo huko sina wasiwasi.