Watoto wa makao ya Malindi warudishwe kwa jamaa zao?

Mkaazi wa Muyeye
Wanamalindi, serikali ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto wakalelewe na jamaa zao, na wasio na jamaa watafutiwe familia za malezi. Usajili wa makao mapya ulisimamishwa tangu 2017. Kwetu makao ni mengi, kuanzia Watamu hadi huku mjini. Naomba maoni yenu: hawa watoto warudi?

Fundi Cherehani
Warudi wakale nini? Mimi nashona sare za makao fulani, naingia mle ndani kila muhula. Asubuhi uji, mchana wali kwa maharagwe, karo imelipwa, na mtoto akishikwa na homa usiku yupo wa kumkimbiza hospitali. Hao jamaa wanaowalilia leo hawaonekani siku za kutembelea. Na wengine huko Magarini, mtoto wa marehemu kwao ni wa kuchunga mbuzi tu.

Mama Garashi
Kaka Fundi, mimi ni wa Magarini na sina mbuzi hata mmoja. Nina mtoto wa marehemu dada yangu makaoni, alipelekwa kwa amri ya korti akiwa na miaka 4, wakati mimi mwenyewe nimelazwa. Nilipopona nikapanda matatu ya alfajiri na kikapu cha maembe. Askari wa getini akaniambia leo si siku yake, nirudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nikayaacha maembe pale pale, na kama yalimfikia sijui. Desemba wakamleta nyumbani siku tatu. Nyanyake hajui Kiswahili, mtoto hajui Kigiriama. Wamekaa mkeka mmoja, wanatazamana. Akitaka maji ananitafuta mimi nimwombee kwa nyanyake mzaa mama. Usiseme hatuonekani.

Fundi Cherehani
Pole dada, sikukusudia wewe. Lakini tuseme kweli, Kigiriama hakilipi karo. Mtoto akishajua Kiswahili na Kiingereza, maisha yatamwendea.

Mwana wa Kaya
Hilo la mwisho lifute. Mimi darasa la pili nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kigiriama na mwenzangu uwanjani. Nilikwenda nacho mpaka nyumbani. Leo mtu mzima kama wewe unatuvisha tena?

Mwalimu Mstaafu
Hata mtaala wa CBC unataka watoto wa gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Makao yanayokataza lugha za nyumbani yanakosea.

Bi Shella
Mwalimu, lugha ya eneo hapa mjini ni Kiswahili. Mimi nimezaliwa Shella, Kiswahili ndicho nilichonyonya kwa mamangu. Kila siku mnakisema kama kitu cha serikali, kana kwamba hakina wenyewe.

Mwana wa Kaya
Bi, kina wenyewe na tunawaheshimu. Ninachokataa ni mtoto kukosa neno la kumwambia nyanyake.

Mkaazi wa Muyeye
Jamani, watoto tumewaacha njiani. Nijibuni hili: Shakahola, 2023, kule msituni wafuasi wa mhubiri walikofunga kula, wapo watoto walionyimwa chakula na wazazi wao wenyewe mpaka wakafa. Waliookolewa wangerudishwa kwa nani?

Bi Shella
Sisi Waislamu tuna kafala. Unamlea mtoto nyumbani kwako, nasaba yake unamwachia. Sheria ya Watoto inaitambua, nadhani ile ya 2001.

Mwalimu Mstaafu
Ni ya 2022, Bi. Ya 2001 ndiyo iliyofutwa. Na kuhusu lugha sijamaliza.

Kijana wa Mtangani
Mnazunguka bure. Mpango wa serikali wa Inua Jamii unatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba inayolea yatima. Jamaa wana kisingizio gani?

Mama Garashi
Mwanangu, hizo 2,000 ni za nyumba, si za kila mtoto. Mwenye yatima mmoja na mwenye sita wanapata sawa. Unga, sabuni, daftari, kisha hesabu mwenyewe kama utafika tarehe 15. Nami sikuomba pesa hapa. Nilijibu neno la mbuzi.

Fundi Cherehani
Dada, tangu jana maneno yako hayanitoki. Zile sare kila shati naitia namba ndani ya kola, maana zinafuliwa pamoja na kuanikwa pamoja. Muhula uliopita kijana mmoja alishika shati lake akaniuliza kama naweza kumshonea jina badala ya namba. Nikamwambia namba ndiyo niliyoagizwa. Bado nasema pale wanakula na wanasoma, hilo siliondoi. La mbuzi nimeliondoa.

Mwana wa Kaya
Na la lugha?

Mama Garashi
Fundi, huyo kijana hata kama si wangu, mshonee jina lake. Uzi nitalipa mimi.