Re: Bibi anatoka Manda Jumatatu, watoto Malindi Alhamisi: viti vya pamoja

Wa Mkomani (Mississauga)
Assalaam alaykum jamaa. Mama, bibi ya watoto, anatoka Manda (uwanja wa ndege wa Lamu) Jumatatu kwa sababu lazima apitie VAC Nairobi, kituo cha maombi ya viza ya Kanada, kuchukua pasi. Wifi na watoto wawili, miaka 9 na 4, wanatoka Malindi Alhamisi. Alhamisi usiku wote wanapanda ndege moja kwenda Ghuba, kisha Toronto. PNR, yaani namba za bukingi, ni mbili. Shirika limenijibu kwa chati kwamba bukingi ni tofauti, hawawezi kuwaketisha pamoja. Mama hajapata kupanda ndege kubwa na Kiingereza hana. Nifanyeje? Na nikilipia kiti chake leo, kisha VAC wakachelewesha pasi na tarehe ikasogea, pesa ya kiti inarudi au imekwenda?

Wa Langoni (London)
Wa alaykum salaam dada. Huyo wa chati amekwambia nusu tu. PNR moja hubeba watu wanaopanda ndege zilezile, siku zilezile, mwanzo hadi mwisho. Hiyo Jumatatu ya Manda peke yake imemtoa Mama kwenye bukingi ya wenzake, ingawa safari kubwa ni moja. Piga simu, achana na chati. Sema una PNR mbili, uzitaje zote, uombe waziunganishe kwa TCP ya watu 4. Ni maandishi yanayowekwa ndani ya kila bukingi, kwamba kundi hili ni la watu wanne na wengine wako kwenye namba fulani.

Kwanza tazama ni nani anayerusha ndege. Ikiwa tiketi imeuzwa na shirika moja na ndege ni ya jingine, PNR ya muuzaji haitafungua ramani ya viti ya mrushaji. Mwambie wakala akupe namba ya pili, PNR ya mrushaji, herufi na tarakimu sita. Namba ya risiti ya wakala siyo hiyo, na wengi hukwama hapo.

Wa Shela (Doha)
Kaka, usimtie dada tamaa. TCP haimketishi mtu. Ni maelezo ya kusomwa na binadamu, na mtambo unaogawa viti usiku hauulizi nani ni bibi ya nani. Faida yake huonekana safari ikivurugika: ndege ikifutwa, mhudumu akiiona TCP hatampeleka Bibi kesho na watoto keshokutwa. Viti vichagueni wenyewe.

Fungua madirisha mawili ya brauza, kila PNR na lake, na utazame aina ya ndege. Boeing 777 daraja la kawaida mara nyingi ni 3-4-3, yaani ABC, DEFG, HJK (I hawaitumii, inafanana na 1). Safu ya katikati ina viti vinne na wao ni wanne. Wifi G, mdogo F, wa miaka 9 E, Bibi D. Bibi apate kiti cha njiani asiruke miguu ya watu akienda msalani, na huyo wa miaka 9, ambaye shule imempa Kiingereza, awe ubavuni mwake amsomee skrini na kumwitia mhudumu. Ikiwa ni 787 au A350, mara nyingi ni 3-3-3: wa miaka 9 D, mdogo E, wifi F, na Bibi C, ng'ambo ya ujia. Hapo kinachowatenga ni upana wa mkokoteni wa chakula tu.

Usilipe lolote mpaka uone viti vyote vinne viko wazi kwenye madirisha yote mawili, kisha thibitisha bukingi moja na nyingine papo hapo. Halafu rudia kazi yote kwa ndege ya pili. Watu hupanga viti vya Nairobi hadi Ghuba wakasahau kwamba saa nyingi ziko Ghuba hadi Toronto.

Wa Barani (Toronto)
Kulipa kwa nini? APPR, kanuni za Kanada za kulinda abiria wa ndege, inasema familia iketi pamoja bure! Ni sheria tangu Desemba 2019, na inabana kila shirika linaloingia Kanada.

Wa Langoni (London)
Isome vizuri kabla ya alama za mshangao. APPR inamhusu mtoto wa chini ya miaka 14 na mzazi au mlezi wake. Chini ya miaka 5, kiti cha ubavuni. Miaka 5 hadi 11, safu moja na kisizidi kiti kimoja katikati. 12 na 13, wasipishane zaidi ya safu moja. Kwa hiyo wifi na watoto haki yao ipo bila senti. Bibi hayumo, kwa sababu mama yao yupo. Anayehitaji kulipiwa, kama nauli yake haina kiti cha bure, ni Bibi peke yake.

Wa Maweni (Minneapolis)
Kosa lilianza kwenye kununua. Kipande cha Manda hadi Nairobi kingenunuliwa peke yake, wote wanne wangeingia PNR moja kuanzia Nairobi. Tena kukaa Nairobi zaidi ya saa 24 kabla ya kuendelea hakuhesabiwi kuunganisha ndege, ni kituo (stopover), na nauli hupanda. Mabegi ya Mama atayatoa Nairobi vilevile, kwa hiyo tiketi ndefu haikumpa kitu.

Wa Shela (Doha)
Kwa Mama sawa. Kwa wifi usithubutu. Yeye anaunganisha siku ileile: ndege ya Malindi ikichelewa na tiketi ni mbili, ndege ya usiku itamwacha na hakuna atakayewajibika. Yeye abaki na tiketi nzima. Na ushauri wa "ungenunua hivi" haumsaidii mtu aliyekwisha kununua.

Wa Kisumundogo (Birmingham)
Mmesahau kiti cha magurudumu. Muombee angalau saa 48 kabla, uhakikishe kimeandikwa kwenye kila kipande. Msimbo wa WCHR ni wa anayepanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu, WCHS hawezi ngazi, WCHC hubebwa mpaka kitini. Msimwandikie WCHR kwa kuona haya: Manda hakuna daraja la kuingilia ndege, ni ngazi, na kabla yake kuna kushuka kwenye boti.

Ghuba, anayesukuma kiti humpitisha Bibi lifti na njia zake. Wifi asimwachie aende peke yake. Aseme "tuko pamoja, wanne" akiwa bado mlangoni mwa ndege, na pasi ya Bibi akae nayo yeye. Abiria wa kiti hushushwa mwisho, basi wifi asikimbilie kutoka na watoto. Mwenye huduma hii haketishwi safu ya mlango wa dharura, msipoteze muda kuichagua.

Wa Barani (Toronto)
Yote haya kwa sababu VAC iko Nairobi. Mzee atoke Lamu, avuke bahari, apande ndege kwa ajili ya bahasha! Pwani nzima haistahili dirisha moja Mombasa? Na uwanja wa Malindi tunaahidiwa kurefushiwa kila uchaguzi.

Wa Maweni (Minneapolis)
Kila uchaguzi, na wenye mashamba yanayopakana nao wangali wanasubiri fidia. Dada, Mama akija aje na ng'onda na achari ya embe. Huku samaki wa friji ana ladha ya karatasi.

Wa Langoni (London)
Na avitangaze vyote forodhani. Kutangaza si kosa, kuficha ndiko faini.

Wa Mkomani (Mississauga)
Nimepiga simu, TCP imewekwa. Ndege zote mbili ni 777, E, F na G ni za wifi na watoto bila malipo. D inataka pesa. Nilipe sasa?

Wa Shela (Doha)
Ukilipa utapewa EMD, hati yenye tarakimu 13 kama tiketi. Itunze. Wao wakibadilisha ndege na kiti kikapotea, dai kwa namba hiyo. Tarehe ukibadilisha wewe, mwambie mhudumu kwa mdomo wako ahamishie EMD kwenye tiketi mpya, kwa sababu kiti hakifuati chenyewe. Na chungulia ramani tena chekini ikifunguliwa.

Wa Barani (Toronto)
Asilipe. Asubiri chekini, D haitakwenda popote.

Wa Kisumundogo (Birmingham)
Safu ya watu wanne imebaki kiti kimoja cha njiani, unadhani kitalala hapo? Atakayekaa D na kuombwa ahame atataka njiani penginepo, na wifi atakuwa na cha katikati tu cha kumpa.

Wa Maweni (Minneapolis)
Boti ya Jumatatu inatoka jeti ya mjini au Shela? Mjomba naye anasafiri asubuhi hiyo, anaweza kumshika Mama mkono mpaka Manda.